Wawili Mbele ya Pazia Jeusi

Kahawa ilifika Alhamisi kabla ya adhuhuri, na hakuna aliyekuwa ameialika. Wazee wawili kutoka Gotu waliteremka kwenye lori la mbuzi, wakajipangusa vumbi, wakauliza nyumba ya Godana muuza mifugo. Walipoonyeshwa boma lake pale Chechelesi, mjini Isiolo, wakaingia na salaam aleikum ya watu wasio na haraka. Mmoja alikuwa amefunga buni katika kitambaa cheupe, na tumbaku kando. Kwa Waborana hata mtoto anayechunga ndama akiona mzigo kama huo anajua wageni hawakuja kuuliza bei ya ng'ombe. Wamekuja kuomba binti.

Godana aliwaandalia mkeka na chai, akasikiliza habari za malisho mpaka zikaisha zenyewe. Ndipo akauliza, kwa adabu zake zote, wametumwa kwa niaba ya kijana gani. Waliposema Halkano, mchanjaji wa ng'ombe, Godana aliweka kikombe chini. Halkano ndiye aliyewazuia ng'ombe wa Godana kumi na wawili sokoni mwezi wa pili, mbele ya wanunuzi na wapita njia, eti mmoja anatoa udenda na kuchechemea. Na kabla hajapata jibu la kuwarudisha wageni bila kuwavunjia heshima, mzee wa pili alitoa picha mfukoni akailaza juu ya mkeka. Mama wa kijana, alisema, aliipokea wiki hii kutoka mjini. Akaelewa kwamba watoto wamekwisha kupatana na hivi ndivyo vijana wa siku hizi wanavyopeleka habari nyumbani, basi akaona si vizuri kukawia.

Godana aliitazama ile picha muda mrefu. Kisha akamwita binti yake.

Kabale alikuja kutoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa na miaka ishirini, mrefu, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu usoni anapoongea naye, jambo ambalo shangazi zake walilisema kila Idi. Babake alimpa picha. Ndani yake alisimama Halkano, shati lake jeupe limefungwa vifungo vyote, na bega kwa bega naye, mbele ya pazia lile lile jeusi, alisimama Kabale mwenyewe akitabasamu kidogo. Halkano hakuwa anatazama kamera. Alikuwa ameigeuza shingo kidogo tu upande wa yule msichana, na macho yake yalikuwa yametulia kama ya mtu aliyefika alipokuwa anaenda.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi, Aba."

"Na huyu?"

"Ni Halkano. Lakini hatukusimama pamoja. Hata siku moja."

Tusimfiche msomaji: kitu cha kwanza kilichompita Kabale moyoni hakikuwa hofu. Kilikuwa hamu. Aliiona ile picha akatamani ingekuwa ya kweli, tena akatamani sana. Kitu cha pili kilikuwa aibu ya fundi wa picha, kwa maana alijua hapo hapo kosa lilikuwa wapi, na lilikuwa lake.

Godana aliwaomba wageni wakapumzike kwa ndugu yao hapo mjini. Jibu, alisema, watalipata Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Buni hakuikataa wala hakuifungua, maana kuifungua ni kukubali. Aliipandisha juu ya kabati na kitambaa chake, kisha akamgeukia binti yake.

"Kabale, nimeuza ng'ombe miaka thelathini. Watu wameniletea ng'ombe amepakwa masizi nione ni mchanga. Lakini hakuna mtu amewahi kuniletea ng'ombe wawili wamesimama hapa na hapa, akaniambia hawajawahi kuonana. Kama hii picha ni kweli, umeniaibisha. Jumapili utaenda kwa shangazi yako Garba Tula na kamera hutaishika tena. Kama ni uongo, nionyeshe ni uongo wa namna gani, na hawa wazee watarudi na buni yao."

Alisema hayo kwa sauti ya chini, na Kabale alimjua babake. Sauti ya juu alikuwa akiitumia sokoni tu.

Jikoni, mamake, Racho, alikuwa amesikia yote. Alimsogezea binti yake kigoda, akamwambia afikirie vizuri kabla ya kufungua kinywa. Kulisafisha jina ni jambo zuri, lakini buni ikirudishwa, watu wa Gotu hawaileti mara ya pili. Wana majivuno yao. Halafu akauliza swali ambalo baba hakuliuliza, kama binti yake anampenda yule kijana. Kabale alikoroga maziwa yasiyohitaji kukorogwa. Racho akacheka kidogo na kusema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na yeye alikuwa amekisikia kikohozi hicho tangu mwezi wa tatu.

Ilikuwa mwaka wa 1980, wakati wanawake walipokuwa wakipanga foleni kuchukua vipande, vile vitambulisho vya serikali. Kipande kinataka picha, na picha inataka uso wazi, na wanawake wengi wa Isiolo hawakuwa tayari kusogeza shash ya kichwani mbele ya mwanamume asiye wao. Mzee M'Ikiara, Mmeru mwenye studio karibu na soko, aliwaona wakija mpaka mlangoni kisha wakirudi. Hakuwa mjinga. Alimwendea Godana akamwomba binti yake aliyemaliza kidato cha nne ajifunze kazi, na Godana akakubali kwa sababu Racho naye alihitaji kipande.

Ndivyo Kabale alivyoanza. Wiki ya kwanza aliwakata watu vichwa. Wiki ya pili aliwapiga wakiwa wamekodoa macho kwenye jua, wote wakatoka kama watu waliolishwa ndimu. M'Ikiara hakumpigia kelele. Alimfundisha kuvuta pumzi na kuishika kabla ya kubonyeza, ili mkono usitikisike. Alimfundisha kumsogeza mtu dirishani mpaka mwanga umguse shavu moja zaidi ya lingine, maana uso wenye mwanga sawasawa huwa bapa kama sahani. Na kila jioni alimkumbusha jambo moja: kamera ile ya kuchungulia kwa juu ni kongwe, haikusaidii kukumbuka. Ukishapiga, zungusha filamu papo hapo, la sivyo picha ya pili italala juu ya ya kwanza.

Kabale alishika yote haraka. Kosa moja tu lilimganda: aliwaweka watu pembeni. Mtu angesimama mkono wa kushoto wa picha, na kulia kukabaki giza tupu. M'Ikiara alikuwa akichungulia na kuuliza, "Sasa hapa umemwachia nani nafasi?"

Halkano alikuja studio mwezi wa tatu akitaka picha ya kumpelekea mama. Akaja tena kuuliza bei, ingawa ilikuwa imeandikwa ukutani. Akaja kuuliza kama picha hupigwa siku za mawingu. Walizungumza habari za chanjo, na za kondoo, na za vumbi linaloingia kwenye kamera, na kila alipoondoka Kabale alijikuta amesimama na kitambaa cha kufutia mkononi bila kufuta kitu. Siku alipolipa hatimaye na kusimama mbele ya pazia, Kabale alimweka, bila shaka mmeshajua, pembeni mkono wa kushoto. Akasimama upande wa kulia wa kamera ameshika waya wa kubonyezea, akamwambia atazame jicho la kamera. Halkano akasema anatazama, naye alikuwa anamtazama yeye. Kabale angeweza kumrekebisha. Hakumrekebisha. Alibonyeza.

Kisha kijana akaaga, na mlango haujafungika M'Ikiara akasema leo mwanafunzi naye asimame, ajue mteja huhisi vipi akiambiwa anyooshe shingo. Akamsimamisha kulia, upande wa dirisha, akamuuliza kama amezungusha filamu. Kabale akajibu ndiyo, kwa mdomo tu, kwa maana akili yake ilikuwa imeshafika barabarani ikimfuata mchanjaji wa ng'ombe. M'Ikiara akapiga.

Siku iliyofuata Kabale alikwenda matangani kwa jirani. Filamu ikaoshwa na Kinanu, binti wa M'Ikiara, malkia wa chumba cha giza. Kinanu aliona watu wawili, akafurahi sana kwa niaba ya rafiki yake, akaiweka picha kwenye bahasha na kuikabidhi kwa dereva wa lori la Gotu kama mteja alivyoagiza. Aliamua kunyamaza mpaka Kabale amwambie mwenyewe. Mtu mwenye nia njema anaweza kukuletea kazi nyingi.

Ijumaa asubuhi Halkano alifika studio mbio, vumbi la machinjioni bado liko kwenye viatu. Habari za buni zilikuwa zimemfikia. M'Ikiara, ambaye macho yake yalikuwa bado mazuri, akakumbuka ana kazi uani, akaacha mlango wazi.

"Mimi sikuwatuma," Halkano alisema. "Naapa. Mama ameona picha, ameita wazee. Hata mimi nimesikia kwa watu."

"Najua."

"Sasa utamwambia nini mzee?"

"Ukweli. Nimesahau kuzungusha filamu."

Halkano alikaa kwenye kigoda cha wateja, akainuka tena. Alimwambia anaweza kunyamaza tu. Mzee atafoka wiki mbili, lakini wazee wameshaingia nyumbani na buni haijarudishwa, na mambo kama hayo huenda yakijitengeneza. Alisema kwa upole, kama mtu anayemvuta ng'ombe mkaidi bila kamba.

Kabale aliweka kamera chini.

"Halkano, sitaki kuolewa kwa sababu nilisahau kuzungusha filamu."

"Kwa hivyo hutaki."

"Sijasema sitaki. Wewe ndiye hujaniuliza. Umekuja hapa miezi miwili kuuliza bei ya picha. Bei umeijua siku ya kwanza."

Kijana aliona haya, akatazama mikono yake. Alikuwa mtu wa kumshika fahali pembe bila kufikiri mara mbili, na sasa maneno mawili yalikuwa yamemkwama kooni. Kabale alisubiri. Hakugeuza uso. Akamwambia kwamba Aba atakuja kabla ya sala, na atamwonyesha kosa lake wazi, hata kama kahawa itarudi Gotu kesho.

"Na ikirudi?"

"Basi utaileta wewe, ukiwa umeniuliza kwanza. Ama hutaileta. Lakini haitakuwa ya kudanganywa."

Halkano alifungua kinywa. Mlangoni pakasikika salaam aleikum, na Godana akaingia na kofia yake ya sala, fimbo mkononi. Alimwona kijana, akasema ni vizuri yuko, hatahitaji kumtafuta.

Kabale hakungoja aulizwe. Alimpa babake kigoda, akakisogeza kushoto mbele ya pazia jeusi, akamwomba akae na fimbo magotini. Godana alimwuliza hii ni michezo gani. Akamjibu, "Umesema nikuonyeshe, Aba." Akachungulia kwa juu, akamgeuza bega kuelekea dirishani mpaka mwanga ukamlalia shavu, akavuta pumzi, akaishika, akabonyeza. Mkono wake haukutikisika. Filamu hakuizungusha, na alimwonyesha babake kwa kidole kwamba hajaizungusha. Halafu akabeba kigoda mpaka kulia, akamwomba asimame nyuma ya kigoda hicho, mkono kiunoni, kama anavyosimama sokoni bei ikiwa mbaya. Akabonyeza tena.

Kinanu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amethubutu kumtazama mtu, alipokea filamu kwa mikono miwili. Kabla ya karatasi kuingia kwenye dawa palipita zaidi ya saa moja. Godana alikataa chai, kisha akainywa. M'Ikiara alimweleza habari za mvua ya Meru. Halkano alisimama karibu na mlango bila kuambiwa akae, na hakuondoka.

Hatimaye Kabale alimwita babake ndani ya chumba cha giza. Chini ya taa nyekundu, karatasi nyeupe ilikuwa imelala kwenye beseni, na Kabale akiitikisa taratibu. Kwanza kukaja doa. Doa likawa kofia. Kisha Godana akajiona ameketi na fimbo magotini, na kando yake, mkono kiunoni, akamwona Godana mwingine amesimama akimtazama kwa dharau.

Mzee aliinama juu ya beseni.

"Huyu aliyesimama," alisema mwisho, "ana kiburi."

"Watu wa sokoni wanasema hivyo, Aba."

Alicheka, kicheko kifupi kilichomponyoka. Kisha akamwambia binti yake kwamba amemwamini. Hakusimama na mtu, jina lake ni safi, na kazi yake ataendelea nayo, kwa maana mtu anayeweza kueleza kosa lake hivi analijua kuliko asiyewahi kukosea. Kabale alifurahi. Furaha hiyo ilikuwa na uchungu ndani yake, kwa kuwa alijua neno linalofuata. Uongo umeonekana, na buni itarudi.

Walitoka kwenye mwanga. Godana alienda dirishani, akatoa ile picha ya kwanza mfukoni, akaiinua karibu na uso. Aliitazama kama anavyotazama meno ya ng'ombe.

"Halkano. Njoo hapa."

Kijana akaja.

"Nimeona kwa macho yangu kamera inaweza kumtoa mtu hapa ikamweka pale. Sawa. Hukusimama na binti yangu." Aliweka kidole juu ya uso wa kijana kwenye picha. "Lakini haya macho. Haya ni kamera imeyageuza?"

Kinanu alitoa kichwa mlangoni. Kabale alimtazama Halkano, akajua kwamba hapa ndipo mtu mwoga angesema ni jua, ama ni vumbi limeingia jichoni.

"Hapana, mzee," Halkano alisema. "Hayo ni yangu. Aliniambia nitazame kamera, mimi nikamtazama yeye. Nilikuwa namtazama tangu mwezi wa tatu na sijamwambia, hilo ni kosa langu." Akageuka, na safari hii maneno hayakukwama. "Kabale, nakupenda. Nilitakiwa kukuuliza wewe kabla ya mtu yeyote. Nikituma wazee, utakubali?"

"Nitakubali," Kabale alisema. Alisema waziwazi, mbele ya babake, na wala hakuinamisha kichwa.

Godana alikunja picha ndani ya kitambaa chake. Alisema kwamba mwezi wa pili kijana huyu alimzuilia ng'ombe kumi na wawili, naye akamlaani njia nzima mpaka nyumbani. Siku nne baadaye watatu walikuwa hawawezi kusimama. Angewauza wote, wangeliua soko zima, na jina lake lingekufa nao. Hakuwahi kumwambia mtu hayo, kwa sababu si rahisi kumshukuru mtu aliyekuaibisha.

"Hukunidanganya juu ya ng'ombe," alisema, "na leo ungeweza kunidanganya, hukunidanganya. Wazee wako wako hapa mjini. Hakuna haja waende Gotu na kurudi, lori ni ghali." Alichukua fimbo yake, akamgeukia Kabale. "Nitamwambia mama yako aweke samli motoni. Kesho baada ya alasiri tutafungua ile buni."

Kabale alimshika babake mkono, akaupeleka kwenye paji la uso wake, na mzee akamwacha ashike muda kidogo kuliko kawaida. Mlangoni Godana alisimama.

"Na huyu mmalizie kazi yake. Mama yake alilipiwa picha ya mtoto mmoja."

Basi Halkano alisimama tena mbele ya pazia jeusi. Kabale alimgeuza bega kuelekea dirishani bila kumgusa, kwa ishara ya kidole tu, akamwambia atazame jicho la kamera. Alisema anatazama. Hakuwa anaitazama kamera hata kidogo. M'Ikiara akasogea, akainama juu ya kamera, akachungulia, na kuona kijana amesimama kushoto kabisa na upande wa kulia uko mtupu.

"Mwari," alisema kwa masikitiko, "hapa umemwachia nani nafasi?"

"Ni yangu," Kabale alijibu. Akavuta pumzi, akaishika, akabonyeza. Kisha, kabla ya kufanya jambo lingine lolote, akazungusha filamu.